Bendera za Mita Tano

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu wa kemia alichomoa mlingoti wa kwanza kutoka kwenye shimo lake pembeni mwa bwawa. Ulitoka kwa shida. Alivuta, akapumzika, akafuta viganja kwenye suruali yake ya sherehe, akavuta tena. Wanafunzi wawili wa kamati ya mapambo walimpigia makofi. Mlingoti wa pili, ng'ambo ya maji, ulitoka bila ubishi.

Kati ya milingoti hiyo miwili ilipita kamba yenye bendera ndogo za pembetatu. Kila bwawa la mashindano lina kamba kama hiyo kila upande, mita tano kutoka ukutani, na haikuwekwa pale kwa urembo. Anayeogelea chali hutazama mbinguni, haoni anakokwenda. Bendera ndizo humwambia kwamba ukuta umekaribia. Akishapita chini yake huanza kuhesabu mikono yake inavyokata maji, na hesabu ikitimia hujigeuza. Mwalimu wa kemia hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba, ukitazama kutoka kwenye hema la wageni, kamba ile ilipita katikati ya uso wa mgeni rasmi.

Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa hajafika. Uso uliokatizwa ulikuwa wa kwenye bango, na bango lilitundikwa ukutani nyuma ya upande wa kuanzia. Liliandikwa kwa herufi kubwa: KUOGELEA HUMFUNZA MWANAFUNZI MAMBO SABA. Uso ulikuwa katikati, na mafunzo saba yaliuzunguka kama nyuki. Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Hakuwahi kuonekana ndani ya maji yoyote.

Karibu zaidi na ukuta kulikuwa na mashimo mengine mawili, ya miavuli ya jua. Mwalimu wa kemia alichomeka milingoti humo. Mashimo ya miavuli ni marefu kuliko ya bendera, kwa hiyo milingoti ilizama na kamba ikashuka. Alikwenda kwenye hema, akafumba jicho moja, akatazama. Uso ulikuwa huru. Kamba sasa ilipita juu ya funzo la tano, Ushirikiano, ambalo lilisomeka nusu.

"Safi," alisema. "Sasa leteni maua."

Maua yalimwagwa bwawani, pamoja na maputo meupe yenye nembo ya shule. Hiyo ndiyo sababu hakuna mwogeleaji aliyepasha mwili majini siku hiyo, na kama wangepasha, haya yaliyofuata yasingetokea.

Feni alifika saa mbili na nusu akiwa na begi mgongoni na mama yake ubavuni. Alikuwa kidato cha tatu. Jina la Feni alipewa bwawani, kwa sababu akilala chali mikono yake huzunguka kama feni ya dari, kwa mwendo uleule, umpe sababu ya kuharakisha au usimpe. Mama yake alikuwa mshonaji wa mapazia. Bendera za bwawa alizishona yeye, kwa vipande vya mapazia ya ukumbi wa harusi vilivyobaki. Ndiyo maana ukizikaribia sana unaona zina maua ya dhahabu.

Feni alisimama upande wa kuanzia, akatazama juu, akatazama ukuta, akatazama juu tena.

"Mama, bendera zako zimehama."

"Zimehama zina miguu?"

"Zimesogezwa ukutani. Angalia mashimo yale, matupu."

Mama yake aliangalia mashimo. "Labda wamezipenda, wanataka kuziona karibu."

"Mama, nitagonga kichwa."

Hapo mama aliacha utani, akamwita Kocha.

Kocha alikuwa na kipara, filimbi tatu shingoni na imani moja, kwamba maji hayadanganyi. Aliwafunza waogeleaji wake wasitazame nyuma kamwe. Anayegeuza shingo kutafuta ukuta hupoteza kasi, kwa hiyo aligombeza kila shingo iliyogeuka mpaka zikaacha kugeuka. Feni alihesabu mikono minne kutoka kwenye bendera, na wa nne ulipoisha alijikunja bila kutazama. Alifanya hivyo kila siku ya mazoezi kwa miaka mitatu. Mkono wa nne ulikuwa ndani ya mwili wake kama pumzi.

Kocha alitazama milingoti, akatukana kwa sauti ya chini, akaelekea kwenye hema. Mwalimu Mkuu alikuwa huko, akikagua kama vitambaa vya viti vimefungwa kwa mafundo yanayofanana.

"Mkuu, zile bendera zirudi mahali pake."

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, bendera zina nini?"

"Zimewekwa mita tatu. Zinatakiwa mita tano."

"Na zikibaki hizo tatu?"

"Mtu atagonga ukuta kwa kichwa."

Mwalimu Mkuu aligeuka kulitazama bango, kama mtu anayetafuta jibu mahali alipoliweka mwenyewe. "Nisomee funzo la tatu, Kocha."

"Kustahimili mabadiliko," alisoma Kocha.

"Basi."

"Mkuu, haya siyo mabadiliko. Ni zege."

"Mpiga picha ameshapima mwanga. Mgeni rasmi akifika, mbio za wasichana zitaogelewa, medali zitavishwa, picha itapigwa. Baada ya hapo zirudisheni mita tano, zirudisheni mita hamsini mkitaka. Kumbuka mchana kuna wavulana, muda mtakuwa nao."

Kocha alirudi polepole kuliko alivyokwenda.

"Amekataa?" aliuliza Feni.

"Hajakataa. Amenipa funzo."

"Basi mwambie mwamuzi mkuu."

Mwamuzi mkuu alitumwa na chama cha kuogelea. Alikuwa amelikagua bwawa jana yake jioni, bendera zikiwa mahali pake, akaridhika. Asubuhi hii kamati ilimpokea kwa heshima, ikamketisha hemani mstari wa mbele, na mezani kwake ikaweka shada la maua kubwa kiasi kwamba alilitazama bwawa kupitia majani.

"Nikimwambia," alisema Kocha, "nitakuwa nimemwaibisha Mkuu mbele ya mgeni. Mimi Jumatatu nipo hapahapa, mwamuzi hayupo." Alivuta filimbi mojawapo, akaiachia. Kisha uso wake ukabadilika. Aliinama. "Sikiliza, binti. Wewe unajua zimesogezwa."

"Ndiyo."

"Na Rula hajui."



Rula alitoka shule ya ng'ambo ya mji. Aliitwa hivyo kwa sababu aliogelea mstari ulionyooka, bila kuigusa kamba ya njia hata mara moja. Yeye na Feni walikuwa wameshindana mara tisa. Rula alishinda tano. Siku hiyo alikuwepo pia mteuzi wa timu ya taifa ya vijana, mwanamume mkimya mwenye kofia ya pama, aliyekuja kujaza nafasi moja ya mwisho, ya wasichana wanaoogelea chali. Alitaka mtu wa kuogelea mita mia chini ya dakika moja na sekunde kumi na mbili, mbele ya macho yake. Wote wawili walikuwa na uwezo huo. Rula alikuwa na umri wa kujaribu tena mwakani. Feni hakuwa nao.

"Wewe hesabu miwili badala ya minne," alisema Kocha. "Upande huu tu. Wenzako watahesabu minne. Hiyo inaitwa faida ya nyumbani."

"Atagonga kichwa."

"Wala hatakufa. Atapata nundu. Nundu inapona." Kocha alinyooka. "Na funzo la nne linasema kujiamini."

Alipoondoka, Feni alijaribu kwenda hemani mwenyewe. Kiranja mwenye utepe wa bluu kifuani alinyoosha mkono kumzuia.

"Utepe wako?"

"Mimi ni mwogeleaji."

"Waogeleaji hawana utepe."

"Nataka kuongea na mwamuzi dakika moja tu."

"Dada, mimi nakujua, tunasoma darasa moja. Lakini bila utepe hata mama yangu hapiti."

Saa nne kasoro dakika chache magari matatu yaliingia. Mgeni rasmi alishuka kwenye la katikati. Maua na maputo yalitolewa bwawani kwa nyavu, haraka, na petali zilizobaki zikajikusanya kwenye pembe. Wasichana wa fainali ya mita mia chali waliitwa. Walikuwa watatu tu. Wa tatu aliitwa Shingo. Alikuwa na tabia mbaya, iliyokemewa na makocha wawili kwa zamu, ya kugeuka kila mara kutazama kama ukuta umefika.

Walikaa kwenye benchi la kusubiria. Feni alijisogeza kwa Rula.

"Sikia. Bendera za upande huu zimesogezwa. Zipo mita tatu. Hesabu miwili tu halafu geuka."

Rula alikuwa anavaa kofia ya kuogelea. Aliivuta mpaka kwenye nyusi, kisha akacheka.

"Miwili?"

"Miwili. Angalia mwenyewe, mashimo yale matupu."

"Mwaka jana uliniambia nini hapa hapa kwenye benchi? Kwamba wamebadilisha, tunaogelea mia mbili."

"Mwaka jana wewe ulianza. Uliniambia kofia yangu imechanika nyuma. Nimeogelea mbio nzima naipapasa."

"Ilichanika."

"Haikuchanika!"

"Basi na leo bendera hazijasogezwa." Rula alitema mate kwenye miwani yake, akayapakaza kwa kidole. "Dada, nikihesabu miwili nikajigeuza katikati ya bwawa, wananiondoa. Umeota usiku kucha ukaja na hii? Kalale."

"Naapa."

"Wote tunaapa."

Alilosema Rula lilikuwa kweli. Hakuna mwogeleaji wa mkoa ule aliyekuwa ameambiwa ukweli na mpinzani wake kwenye benchi la kusubiria. Walifunzwa hivyo, na walijifunza vizuri. Shingo alisikia kila kitu, lakini yeye alikuwa na mpango wake wa siku zote.

Waliingia majini. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita ishirini na tano, kwa hiyo mita mia zilikuwa kwenda na kurudi mara mbili. Feni njia ya tano, Rula ya nne, Shingo ya tatu. Walishika vishikio, wakajikunja, na honi ikalia.

Feni alikuwa mzuri chini ya maji kuliko juu yake. Alitokeza akiwa mbele kwa kichwa kizima. Upande wa mbali, uliokuwa mbele kabisa ya hema, hakuna aliyegusa kitu. Bendera za huko zilikuwa mita tano kama kawaida. Feni alihesabu minne, akageuka, akasukuma ukuta. Rula alifanya vivyo hivyo, nyuma yake kidogo. Sasa walikuwa wanarudi upande wa bango.

Bendera za maua ya dhahabu zilipita juu ya uso wa Feni. Moja. Mbili. Ukuta ulikuwepo.

Alichofikiria hapo hakijulikani; yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye alisema hakufikiri. Alichofanya kilionekana na watu wapatao mia mbili. Hakujigeuza. Alishika ukingo kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia juu ya kamba ya njia, akaweka kiganja kwenye vigae vya njia ya nne, kimetazama nje, kwenye usawa wa maji.

Rula alikuja kwa kasi yake yote. Alikuwa kwenye mkono wa tatu, mkono ukiwa bado unapita pajani, kichwa chake kilipofika. Kilipiga kiganja, na kiganja kikapiga vigae. Feni alitoa sauti fupi. Rula alisimama wima, akatema maji.

"Una wazimu wewe? Unanishika kichwa!"

Kisha, kwa kuwa alikuwa mwogeleaji, hakusubiri jibu. Alijitupa chali, akasukuma ukuta, akaendelea na mbio. Kwenye njia ya tatu, Shingo aligeuza shingo, akauona ukuta, akajigeuza kwa utulivu, akawapita.

Shingo alishinda. Rula alifika wa pili. Mita za mwisho alizimaliza polepole, akitazama nyuma, mkono mmoja mbele kama mtu anayetembea gizani. Feni hakumaliza. Msimamizi wa ukuta aliinua mkono: kuingilia njia ya mwenzake, ameondolewa.

Hemani walipiga makofi. Mgeni rasmi aliuliza kama yule aliyesimama pembeni ndiye bingwa. Mwalimu Mkuu alishika kipaza sauti, akasema kwamba tukio lile, japo la kusikitisha, lilikuwa mfano hai wa funzo la saba, yaani kukubali matokeo. Shingo alivishwa medali. Aliinama kuipokea, na hata hapo aligeuka kutazama nyuma.

Mama yake Feni alikuwa ameshafika ukingoni. Ngozi ya viungo vya vidole vya binti yake ilikuwa imechubuka na inavuja damu. Alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha kitambaa, akamfunga.

"Vidole vinakunja?"

"Vinakunja."

"Vikunje nione. Haya." Alikaza fundo. "Ungemwacha agonge, si ungekuwa kwenye timu sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Nauliza tu, mwanangu. Sijasema kitu."

Kocha alipita nyuma yao bila kusimama. "Nundu," alisema. "Nilikwambia ni nundu tu."

Kocha wa Rula alikuwa ameshaweka malalamiko. Kwa mujibu wa sheria, mwogeleaji aliyeingiliwa ana haki ya kusikilizwa, kwa hiyo mwamuzi mkuu alilazimika kutoka nyuma ya shada lake. Alikuja ukingoni akiwa na petali moja begani.

"Ulimshika mwenzako kichwa?" alimuuliza Feni.

"Niliweka mkono. Yeye ndiye aliyegonga."

"Kwa nini uliweka mkono kwenye njia yake?"

Feni alionyesha juu. Mwamuzi alitazama bendera, kisha mashimo matupu, kisha mashimo ya miavuli. Alitembea kutoka ukutani hadi chini ya kamba, akarudi, akatembea tena. Rula alikuwa amemfuata kwa nyuma. Yeye hakutembea. Alisimama chini ya kamba, akainua mikono, akaizungusha hewani: moja, mbili. Akatazama ukuta. 

"Nani amezisogeza?" aliuliza mwamuzi.

"Kidogo tu, mheshimiwa," alisema mwalimu wa kemia, aliyekuja mbio. "Kwa ajili ya mwonekano."

"Mwonekano wa nini?"

Mwalimu wa kemia alionyesha uso wa mgeni rasmi.

Mwamuzi alitoa uamuzi wake ukingoni, kwa sauti kavu. Medali imeshavishwa, na haivuliwi. Kuondolewa kwa njia ya tano kunabaki, kwa sababu sheria inaangalia mkono uko wapi, haiulizi umefuata nini. Lakini bwawa halikuwa halali, na mwogeleaji wa njia ya nne alikuja kutafuta muda. Kwa hiyo kutakuwa na mbio moja ya kupima muda tu, nje ya ratiba, bila medali. Atakayetaka kuogelea aogelee.

"Kwanza bendera," alisema Rula.

Bendera zilirudishwa mita tano. Mwalimu wa kemia aliichomoa milingoti na kuichomeka kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Kamba ilipanda tena mbele ya bango, ikapita usoni.

"Mimi naogelea," alisema Feni.

"Na mkono huo?" aliuliza mwamuzi.

"Unakunja."

Shingo aliulizwa, akasema yeye ametosheka.

Wapima muda wa shule walikuwa wameshakwenda kunywa soda, na saa zao wameondoka nazo mifukoni. Ilibaki moja, ya mteuzi. Alisimama ukingoni, kati ya njia ya nne na ya tano, akaweka kidole gumba juu ya kitufe. Saa hiyo ilikuwa ya njia ya nne. Wote walilijua hilo, kwa kuwa aliyelalamika ni wa njia ya nne. Hemani hakuna aliyetazama. Mwalimu Mkuu alikuwa anamsomea mgeni rasmi mafunzo yote saba kwa mpangilio, na alikuwa amefika la pili, kujituma.

Honi ililia. Feni alitokeza mbele tena, ila kwa nusu kichwa tu. Kitambaa cha mkononi kilifunguka kabla ya ukuta wa kwanza, kikabaki kinaelea. Kilikuwa na maua ya dhahabu. Kwenye mita hamsini walihesabu minne, wote wawili, wakageuka pamoja kama waliokubaliana. Ukuta wa tatu Rula alikuwa mbele. Kuanzia hapo mikono ya Feni ilifanya kitu ambacho Kocha hakuwahi kukiona kwa miaka mitatu: iliharakisha. Kocha alisahau filimbi zake zote. Mama yake alikuwa amekaa, akasimama, akakaa.

Chini ya bendera walikuwa sawa. Mikono miwili ilifika ukutani katikati ya povu, na kidole gumba cha mteuzi kilishuka.

Mteuzi alitazama saa. Ilisoma dakika moja, sekunde kumi na moja nukta nane. Alitazama maji, kisha saa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana hana uhakika.

"Nimebonyeza mkono wa kwanza," alisema. "Mazoea. Mkono niliuona. Wa nani, sikuuona."

 Msimamizi wa ukuta alikuwa kwenye soda. Mwamuzi alikuwa upande wa pili. Kocha alifungua mdomo, lakini mteuzi hakumtazama yeye. Aliwatazama wasichana wawili walioning'inia ukingoni wakihema.

"Nani amegusa kwanza?"

Rula alivua miwani. Aliiosha majini, akaitikisa, akaitazama kana kwamba ilikuwa na kasoro. Kocha wake, nyuma yake, alikohoa kikohozi chenye maana. Rula aliitazama ile saa. Kisha alitazama vidole vya Feni vilivyoshika ukingo, vimeanza kuvuja tena.

"Yeye," alisema.

"Una uhakika?"

"Nilikuwepo, mzee." Alijifuta pua. "Amenishinda kwa kucha. Mwambieni azikate."

Mteuzi alivua kofia yake ya pama, akajikuna, akaivaa. Kisha aliinama kwa Feni, akamuuliza jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa, akayaandika. "Mazoezi ya timu yanaanza Jumatatu ya wiki ijayo, alfajiri," alisema. "Uje na huo mkono ukiwa umepona."

Feni alisema, "Sawa." Kisha akamgeukia Rula. "Kofia yangu ilichanika kweli?"

"Nenda huko."

Saa tano na nusu mgeni rasmi aliombwa kusogea mbele ya bango kwa ajili ya picha. Kamati ilikuwa imesikia kwamba shule imetoa mchezaji wa timu ya taifa, na Mwalimu Mkuu aliagiza aletwe naye, akae kulia. Mwalimu wa kemia alitazama kamba iliyopita usoni, kwenye bango na kwa mgeni mwenyewe, akaenda kwenye mlingoti wa kushoto, akauchomoa, akauchomeka kwenye shimo la mwavuli.

"Na huu," alisema, akizunguka bwawa kuelekea wa kulia.

Feni alikuwa ameshafika pale. Alikuwa na taulo mabegani, na ameukumbatia mlingoti kwa mikono miwili.

"Achia, binti. Ni dakika moja tu."

"Wavulana wanaogelea chali mchana."

"Tutarudisha kabla."

"Nitasubiri hapahapa basi, mpaka mrudishe ule."

"Mwalimu Mkuu anakuita kwenye picha!"

"Nipo kwenye picha."

Mwalimu wa kemia aliuvuta mlingoti mara moja, kwa adabu. Haukutoka. Mama yake Feni alikuwa amekuja kusimama karibu, mkoba mkononi, akitazama bendera zake kama fundi anayekagua mshono. Nyuma yake alikuja Rula, akila kipande cha keki alichokichukua hemani, akaegemea mlingoti uleule kwa mgongo.

"Jua linahama!" alilalamika mpiga picha. "Mabosi, nipige au nisipige?"

"Piga!" alisema Mwalimu Mkuu.

Picha ilipigwa saa sita kasoro dakika kumi, na sasa imetundikwa kwenye korido ya ofisi. Mgeni rasmi yuko katikati, mbele ya bango. Mafunzo yote saba yanasomeka. Mlingoti wa kushoto uko kwenye shimo la mwavuli, wa kulia uko kwenye shimo lake lenyewe, umekumbatiwa na msichana mwenye taulo, na kamba ya bendera imeshuka kati yao mshazari, ikapita juu ya uso wa mgeni rasmi kuanzia jicho moja hadi kidevuni.